Ombi na Lalamiko

Jina lake lilikuwa Ulbosyn.
Kwao Kazakstani maana yake: Na awe mvulana.
Mabinti wanne walimtangulia,
na babake, mshika bendera wa stesheni ya reli nyikani,
akamwandikia wa tano ombi badala ya jina.
Alinieleza haya jioni yake ya kwanza Arua,
umeme umekatika, tumekalia kreti za soda.
Akauliza langu. Candiru, nikamwambia:
kwetu Walugbara ni kusema mama alikuwa taabuni.
Alicheka hadi akashika mbavu.
"Basi tumekutana," akasema, "ombi na lalamiko."

Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota.
Ngeli alizimwaga kama njugu:
kiroboto yangu, panya lile.
Nasi wa Arua hatukuwa na haki ya kumcheka.
Namba hakuzikosea.

Kila theluji ilipoyeyuka, utotoni mwake,
watu wa tauni walikuja na mitego,
wakahesabu panya wa nyika shimo kwa shimo,
na yeye, miaka tisa, kawabebea daftari.
Ndipo alipojua kwamba ugonjwa haubishi hodi mlangoni,
una njia yake, na njia ina vipimo.

Kisha Almati, darubini, shahada juu ya shahada,
kisha nchi ikavunjika kama sahani
("sikuivunja mimi"),
taasisi ikalipa mishahara kwa sukari.
Mchana aliuza soksi sokoni, vidole vimekufa ganzi.
Usiku alirudi maabara.
Vimeng'enya vyake vya mwisho alivifukia
katika theluji ya kibaraza cha dirisha,
maana friza ilikuwa imeuzwa.
Sijawahi kuiona theluji. Naijua hivyo tu:
kitu kinachomtunzia mtu kazi yake, bure.

Sisi tuna jenereta lisilopenda Jumapili.
Usiku ule sampuli za Paidha zilipoanza kutoa jasho,
viroboto mia mbili na kumi na saba
kutoka nyumba alikofia mtoto wa Giramia,
alivaa kandambili, akamgongea Ezatiru wa samaki,
akanunua barafu yote
iliyowalaza sangara wa Panyimur.
Asubuhi friza ilinuka ziwa.
Vinasaba vilikuwa salama.

Mimi nilikuwa mwosha chupa.
Siku moja alinitia pipeti mkononi:
"Usiogope. Ni kijiko kilichosoma."
Miezi mitano nilipima maji ya rosela,
tone, tone, nikimwaga, nikipangusa,
naye ananitazama kama anayesubiri treni
na hana shaka itakuja.

Majibu yalipofika kutoka Entebbe
aliyatandaza mezani, kando yake akaweka karatasi ya kwao,
imechakaa mikunjoni,
tauni ya panya aliyemtega mwenyewe.
Herufi nne zile zile, mstari kwa mstari, zimeshikana mikono,
kisha mahali pamoja, pamoja tu:
A kwao, G kwetu.
Akaweka kucha hapo, akanyamaza muda mrefu.
"Treni, ndege mbili, basi la usiku,"
akasema, "nimesafiri umbali wa herufi."

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Giramia alimwambia hivyo, Paidha, uani kwake,
bila kebehi, akimpa kiti.
Ulbosyn hakukikalia.
"Nimechelewa," alisema.
Hakutafuta neno la kuongeza.

Sasa ameshastaafu, yuko kwa dadake,
magoti hayapandi ngazi.
Barua yake ya juzi haina salamu, haiulizi hali
wala watoto. Mstari mmoja:
Friza je?

Nimemjibu kwamba inafanya kazi.
Nikaongeza, kwa mwandiko mdogo,
kwamba ukiifungua ghafla
bado inanuka samaki.